Nyumba Yetu Iliyouzwa Siku ya Mnada wa Ng'ombe

Nasema mapema kwamba mambo haya yaliisha vizuri, ili anayesoma asikae roho juu kama nilivyokaa mimi. Nyumba ilichukuliwa, tukahangaika zaidi ya miaka mitatu, tukalipwa. Leo nina kwangu. Ya katikati nayaandika kwa sababu wanawake wengi wananiuliza, na nimechoka kuyarudia kwa mdomo.

Nyumba yetu ya kwanza mjini Bariadi ilikuwa upande wa Somanda. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati juu. Tofali tulifyatua na kuchoma wenyewe, mimi na mume wangu, kiangazi kizima. Bati tulinunua kidogo kidogo, kila msimu wa pamba bati chache, tukawa tunaziweka kwa jirani mwenye duka mpaka zikatosha. Fundi aliyejenga jiko alikuja siku moja amelewa, nikamfukuza, ukuta nikaumalizia mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia "ile nyumba ilikuwa ya mumeo," namwuliza alikuwa wapi siku ile.

Enzi hizo pamba ilikuwa inauzwa chama cha ushirika peke yake. Unapeleka, karani anapima, unarudi nyumbani kusubiri. Pengine unasubiri mpaka mbegu za msimu mwingine zimeota. Halafu serikali ikaachia biashara. Redio ikasema ni soko huria, na sisi tukasema hivyo hivyo. Wanunuzi wakajaa kama kumbikumbi. Kila mmoja na mizani yake, kila mmoja na lori lake, hela mkononi. Mtu aliyekuwa analima na wewe mwaka jana, mwaka huu unamkuta kavaa viatu vyeusi, anaitwa wakala.

Mume wangu naye akataka kuwa wakala. Si mjinga, nisieleweke vibaya. Ni mchapakazi, na ng'ombe anawajua kuliko bwana mifugo. Lakini alikuwa ameona wenzake wamenunua pikipiki.

"Nitanunua pamba Nkoma na Zagayu," akaniambia, "naipeleka ginneri, nabaki na changu."

"Kwa hela gani?"

"Kuna kampuni inakopesha."

"Inakopesha watu kwa sura zao?"

"Inataka dhamana."

"Dhamana gani?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Wale saba?"

Akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe. Mume wangu akikosa jibu huenda kuwaangalia ng'ombe. Na mimi nikarudi kwenye kazi yangu, nikijua mazungumzo yamekwisha na kwamba hakuna mkopo. Hapo ndipo nilipokosea. Kwake yeye mazungumzo hayakuwa yamekwisha. Alikuwa ametoka tu.

Msimu ule alinunua pamba nyingi. Ilijaa chumba cha mbele mpaka wajukuu wawili tuliokuwa tunawalea wakahamia kulala na mimi. Nilipomwuliza hela zimetoka wapi alisema mwenye ginneri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, ametanguliza. Halafu bei ikashuka. Lori lililoahidiwa halikuja, mvua ikawahi, pamba ikanyeshewa ikageuka rangi. Akaiuza kwa bei ya kutupa. Akaanza kuuza ng'ombe, mmoja mmoja, na kila akirudi mnadani hakai, anapanda basi la Shinyanga. Nikaona kuna mtu anadai. Sikujua anadai kwa kutumia nini.

Baadaye kabisa ndipo nilipoambiwa kwamba wiki moja kabla ya ile siku alikuwa ofisini kwa kampuni ile, Shinyanga, na hela za ng'ombe wawili wa mwisho. Walizipokea, wakampa risiti, wakamwambia, "Mzee, nenda nyumbani salama, kilichobaki utaleta msimu ukifunguliwa." Alirudi amechangamka. Alininunulia hata sukari.

Sasa, wasiojua huku kwetu niwaeleze. Siku ya mnada wa ng'ombe mji unahama. Mwenye ng'ombe anakwenda kuuza, asiye na ng'ombe anakwenda kutazama, wanawake tunakwenda kuuza chai na vitumbua na michembe, na hata mgonjwa akipata nafuu kidogo anajikongoja. Ukitaka kufanya jambo mjini bila kuonwa na mtu, hiyo ndiyo siku yake. Watu wa kampuni ile walikaa huku kwetu vya kutosha kulijua hilo.

Siku hiyo nilikuwa mnadani na michembe yangu, ile michembe ya viazi nilivyokata na kuanika mwenyewe. Nikauza ikaisha mapema, nikafurahi, nikarudi. Nilipokata kona nikaona kitanda changu kiko nje. Nikadhani kuna msiba. Kwetu vitu vikitolewa nje hivyo, mtu amekufa. Nikaanza kukimbia nikiwaita wajukuu.

Jirani yangu mwenye duka alikuwa amekaa juu ya gunia langu la mpunga, miguu kaitandaza, fimbo mkononi, wajukuu wangu wawili wako nyuma yake. Huyu ni mwanamke wa Kizaramo aliyekuja Bariadi na mume wake mfanyabiashara, mume akafa, yeye akabaki na duka. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika.

"Kaa kwanza, shoga," akaniambia.

"Sikai. Nani katoa vitu vyangu?"

"Dalali. Kaja na gari na mgambo wawili. Kagonga kengele mara tatu. Hapa tulikuwa watu watano, na mmoja wetu ni yule mwenye wazimu wa stendi. Akasimama bwana mmoja mwenye shati jeupe aliyekuja nao kwenye gari hilo hilo, akataja bei, dalali akagonga, ikawa basi."

"Ikawa basi nini?"

"Nyumba imeuzwa."

Mlango wangu ulikuwa na kufuli jipya. Nilikwenda nikalishika. Lilikuwa la moto kwa jua.

"Nilimwambia achukue na yule ngosha wako, mumeo, auzwe pamoja nayo," jirani akasema nyuma yangu, "akanijibu hana bei."

Sikucheka siku hiyo. Nilicheka kama wiki mbili baadaye, nikiwa peke yangu nateka maji, mpaka ndoo ikanimwagikia.

Mume wangu akaja jua limepinda. Alikuwa amekwenda Bukundi kutafuta ndugu wa kumwazima ng'ombe. Akasimama akatazama kitanda, akatazama kufuli, akavua kofia.

"Nilikopa kwa nyumba," akasema.

"Nyumba ya nani?"

"Yetu."

"Yetu mimi na nani? Maana mimi hukuniambia."

Akageuka kwenda kuwaangalia ng'ombe. Akafika karibu na zizi, akakumbuka hawapo, akarudi akakaa.

Tulikwenda kwa kaka yangu, kule Zagayu. Nieleze uzito wake. Mimi niliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale waliingia kwenye zizi la baba yangu, wakamwozea huyo huyo kaka. Mwanamke akiachika akarudi kwao, watu wanaelewa. Lakini kurudi na mume umemshika mkono, mume mwenyewe akae kwenye kaya ya wakwe zake, ale chakula cha shemeji, hilo kwetu halina jina zuri. Mume wangu alikula peke yake nyuma ya ghala kwa muda wote ule. Hakuna aliyemfukuza. Ni aibu tu.

Kaka yangu alitupokea vizuri, sina neno. Mke wake naye alitupokea, ila ana mdomo. Asubuhi ya kwanza alinisalimia, "Mwangaluka," nikaitikia, halafu akasema, "Mahari tulikula zamani, wifi, leo mwenye ng'ombe amewafuata."

"Hakuwafuata ng'ombe," nikamwambia. "Kanifuata mimi. Wewe umewahi kufuatwa?"

Tukaishi hivyo. Nililima shamba lao, nikavuna pamba yao, nikapika kwenye jiko lao kwa zamu niliyopangiwa. Kila siku nilikuwa nawaza jambo moja, nitakufa kwa watu? Sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba wajukuu wangu watasema bibi yetu alikuwa anakaa kwa watu, na kwamba nitatolewa kwenye mlango ambao si wangu.

Nilikuwa na zaidi ya miezi sita pale niliposikia kanisani kwamba kuna dada wakili anakuja parokiani Bariadi, mara moja kwa mwezi, kusikiliza wenye shida za ardhi na ndoa, na halipwi. Nikakodi baiskeli, nikabebwa mpaka mjini. Nilimkuta kwenye chumba cha katekista, binti mdogo tu, miwani, nywele kazikata. Nikafikiri, huyu atanisaidia nini. Akainuka akanipa kiti chake.

Nikamweleza. Akanisikiliza bila kunikatiza, halafu akauliza swali moja.

"Bibi, wewe ulitia sahihi kukubali nyumba iwekwe rehani?"

"Sahihi gani? Nimejua habari ya rehani siku nyumba imeuzwa."

"Una hakika?"

"Mwanangu, mimi jina langu nimeliandika mara chache maishani. Kila moja naikumbuka."

Hapo akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua, na nadhani wengi walikuwa hawakijui. Kwamba nyumba ambamo mume na mke wanaishi, mume hawezi kuiweka rehani peke yake. Sheria ya ndoa inasema hivyo, na inasema hivyo tangu zamani, tangu mimi nikiwa na meno yote. Lazima mke akubali. Asipokubali, aliyekopesha hana haki ya kuiuza.

Mwezi uliofuata alikuja na nakala ya karatasi za kampuni. Akanitandazia mezani. "Kampuni inasema ulikubali," akaniambia. "Hili hapa la mume wako, dole gumba la kulia. Na hili chini yake wanasema ni lako."

Nikatazama. Madole mawili meusi, moja juu ya jingine. Lile la chini lilikuwa na mstari mweupe unakatiza katikati, kutoka upande huu mpaka upande ule.

Mstari ule nilikuwa naujua. Mume wangu alikuwa analima na plau, maksai akashtuka, mnyororo ukamkata dole la mkono wa kushoto nusura litoke. Nililifunga mimi, kwa kipande cha khanga yangu, na nikalifungua kila siku kuliosha mpaka likapona na ule mstari wake. Hakuna mtu duniani aliyelitazama dole lile kuliko mimi.

"Si langu," nikasema.

"Unadhani ni la nani?"

"Nimesema si langu."

Yule binti akanitazama kidogo. Akili alikuwa nayo. Akafunga faili, akasema basi tutafungua kesi.

Kwa nini sikusema? Nimeulizwa sana. Ningesema, mume wangu anakamatwa kwa kughushi. Nisiposema, pengine tunashindwa. Hilo moja. La pili, na hili ndilo lilikuwa kubwa kwangu, nilitaka aseme yeye. Kitu alichokifanya kwa dole lake nilitaka akitoe kwa mdomo wake.

Niliporudi Zagayu nilimpelekea ugali wake nyuma ya ghala, nikakaa.

"Wakili ameonyesha karatasi. Ina madole mawili."

Akaacha kutafuna.

"Lile la pili wanasema ni langu," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa tutakwenda Shinyanga, mahakama itazame." Maana wakati huo sisi bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, mambo makubwa yote yalikuwa kule.

Akameza. Akasema mlenda umekolea chumvi. Haukuwa umekolea.

Kesi ikaanza kwenda na kurudi. Mnaenda, mnakaa kwenye benchi tangu asubuhi, mnaambiwa hakimu ana safari. Mnaenda tena, wakili wa kampuni anaumwa. Mnaenda tena, faili halionekani. Mume wangu alikuwa anakuja kila mara, kama shahidi wa habari ya mkopo, na kila mara nilikuwa namtazama mdomo. Msimu ukapita, ukapita mwingine. Hakusema kitu. Alikonda tu.

Siku yangu ya kusimama kizimbani ilifika. Wakili wa kampuni alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na ule upole ndio ulionikera.

"Bibi, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Sikusoma darasa. Nilisoma kisomo cha watu wazima."

"Kwa hiyo ni kawaida yako kuweka dole gumba."

"Tangu nimalize kisomo sijaweka dole mahali popote. Naandika."

"Unaandika!" akasema, na akageuka kuwaangalia watu kama mtu aliyesikia mbuzi anaimba.

Hakimu akaagiza nipewe kalamu. Nikaandika jina langu, lote, na la baba yangu. Hakimu akaitazama ile karatasi, akampa wakili.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "kuandika jina mtu anaweza kufundishwa mwezi jana, kwa ajili ya kesi."

"Nilijifunza wakati wewe bado unabebwa mgongoni," nikamwambia.

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Bibi, jibu swali tu."

"Ndilo jibu, Mheshimiwa."

Lakini nikaona kwamba neno la yule wakili limeingia. Kwa nini wasiamini kwamba nimefundishwa jana? Cheti changu cha kisomo kiliharibika na mvua iliyonyesha usiku ule vitu vikiwa bado nje. Nikamtazama wakili wetu, naye ameinama anaandika. Nikajua tunazama. Nikafikiria jiko la wifi yangu na zamu yangu ya kupika.

Nikasikia benchi linalia. Mume wangu alikuwa amesimama.

"Mzee, kaa chini," hakimu akasema. "Zamu yako haijafika."

"Mheshimiwa, nikikaa sitasimama tena."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto juu, dole gumba mbele, kama mtu anayeomba lifti.

"Dole hilo ni langu. Mke wangu hahusiki. Hakuwepo, na hakujua."

Wakili wetu akaruka kama amechomwa na miiba, akasema mzee asiseme zaidi kabla hajaelezwa haki zake. Hakimu akamweleza haki zake taratibu, kwamba anaweza kushitakiwa kwa maneno hayo. Mume wangu akajibu kwamba ameelewa, na kwamba ameanza kwa hiyo amalize. Akaapishwa. Karani akaleta kile kibweta cha wino, akamgandamiza dole kwenye karatasi nyeupe. Hakimu akaziweka karatasi mbili pamoja. Mimi sikuhitaji kutazama. Nilitazama dirishani.

"Eleza ilikuwaje."

"Afisa mikopo aliniambia mwite mkeo naye akubali. Nikamwambia huyo nikimwita hatakubali, namjua. Akasema basi weka la mkono mwingine, kazi iishe, mabibi wa vijijini wote wanaweka dole. Nikaweka. Nilikuwa nataka kununua pamba."

Afisa mwenyewe alikuwepo, kijana mwenye tai, ameketi nyuma ya wakili wa kampuni. Hakimu akamwita mbele.

"Wewe ulimwona huyu mama siku hiyo?"

"Mheshimiwa, fomu ilikuwa imekamilika."

"Sijakuuliza fomu. Nimekuuliza mama."

Yule kijana akatazama viatu vyake. Akasema hakumwona. Na alipoulizwa habari ya mnada akasema tangazo lilibandikwa. Lilibandikwa wapi? Kwenye ubao wa ofisi yao, Shinyanga. Nani wa Bariadi angelisoma huko? Yeye hakuwa na ng'ombe wa kwenda kuwaangalia.

Tulipotoka tulikaa nje kwenye ngazi. Mume wangu alikuwa anafuta wino kwa jani, haufutiki.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Dole ni langu?"

Akatikisa kichwa. Akalitupa jani, akasema, "Nikifungwa, utaniletea ugali?"

"Nitakuletea. Bila mboga."

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, watu wanatupita wanatushangaa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu pamba inyeshewe. Nadhani mzigo wangu ulishuka pale, kwenye ngazi, kabla ya hukumu. Kama tungeshindwa baada ya pale, ningekuwa nimepoteza nyumba tu.

Hatukushindwa. Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza kwanza, halafu hakimu akatueleza kwa Kiswahili. Mnada haukuwa halali. Aliyekopesha alitakiwa amwone mke, amsikie mke. Badala yake mtu wake mwenyewe alielekeza udanganyifu, kisha wakauza nyumba kwa haraka na kwa siri, wakiwa wamepokea hela na kumwahidi mkopaji muda. Nyumba yenyewe ilikuwa haipo tena. Yule bwana wa shati jeupe, ambaye ikajulikana ni shemeji wa meneja wa kampuni, alikuwa ameibomoa akajenga gesti. Kwa hiyo tulipwe fidia: thamani ya nyumba kama ingeuzwa kihalali, vitu vilivyoharibika, na usumbufu. Deni lililobaki likatwe humo humo. Nikaona ni haki. Deni lilikuwa deni.

Mume wangu aliitwa polisi mara moja, akaandika maelezo, wakamwambia watamwita tena. Kwa muda kila pikipiki ikipita Zagayu alikuwa anasimama. Hawakumwita. Yule afisa ndiye aliyeitwa mara nyingi zaidi, na sijui alikoishia.

Kampuni ikasema itakata rufaa. Nikalala siku mbili bila hamu ya kula. Ila habari zilikuwa zimeshasambaa. Mwezi uliofuata, wakili alipokuja parokiani, nje ya chumba cha katekista nilikuta wanawake kwenye foleni, kila mmoja na karatasi yake kwenye mfuko wa plastiki. Mmoja alitoka Nkoma, nyumba yake ilishauzwa. Mmoja alitoka Bukundi, yeye alikuwa ameandikiwa kwamba itauzwa.

"Mayu," yule wa Bukundi akaniita, yaani mama, "mume wangu anasema nikienda mahakamani nitamfunga."

"Wangu hajafungwa. Mwambie aje niongee naye."

Akaja, na nikaongea naye. Sitaandika nilichomwambia.

Kampuni walipoona foleni ile inakwenda kuingia mahakamani yote, wakaiacha rufaa. Wakatuita mmoja mmoja na wakili wetu, wakalipa. Yule wa Bukundi nyumba yake haikuuzwa, akapewa muda wa kumaliza deni. Wa Nkoma alilipwa kama sisi. Mimi nilikwenda nao mara mbili Shinyanga, kukaa tu pale kwenye benchi ili wasikae peke yao.

Hela yetu ilipotoka, karani aliuliza hundi iandikwe jina la nani. Mume wangu akanionyesha kwa kidole, akasema, "La huyu." Sikumwomba. Wala hatukulizungumza njiani.

Tulinunua kiwanja kingine hapo hapo Bariadi, tukajenga. Safari hii fundi aliletwa na yule jirani yangu Mzaramo, na siku ya kupaua alikuja kukagua akasema kwa Wasukuma nyumba ni nzuri, ila wasije wakalaza ng'ombe sebuleni. Nikamwambia ng'ombe hatuna, tutamlaza yeye. Kaka yangu alituazima mkokoteni wa kuhamia. Wifi yangu akanifungia kuku wawili, jike na jogoo, akalia, jambo ambalo sikulitegemea. "Nitagombana na nani sasa?" akasema.

Tulihamia mvua zimeanza. Asubuhi ya kwanza wajukuu walitoka kucheza, wakarudi wanakimbizana, wakapita na matope kwenye sakafu ambayo saruji yake ilikuwa haijamaliza hata mwezi. Nikasimama na ufagio. Kwa kaka yangu nilikaa muda wote ule bila kumkemea mtu. Unamkemeaje mtu kwenye nyumba ya watu? Mtoto akikosea unamvuta pembeni unamnong'oneza. Mate yanakukauka mdomoni.

Nikawakemea. Niliwakemea kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, nikawakemea wao na mama zao, nikakemea matope, nikakemea na kuku wa wifi waliokuwa wanachungulia mlangoni. Mume wangu akaja mbio kutoka nje, fimbo mkononi, akidhani kuna nyoka.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nagomba."

Akanitazama, akawatazama watoto waliojibanza ukutani. Akaegemeza fimbo, akavuta kigoda akakaa mlangoni, mvua inapiga bati.

"Endelea," akasema. "Uko kwako."